Hii Hailiwi

Bibi alipokanda mkate mweusi
hakutumia donge lote.
Kipande kimoja, kama ngumi ya mtoto mchanga,
alikirudisha kwenye mtungi, akakifunika kwa kitambaa.
"Hii hailiwi," alisema. "Hii huzaa."

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, ghorofa ya nne ya hospitali, Kaunas,
theluji ikigonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo,
ndipo Daktari Zabulionienė aliponichorea mtungi uleule
nyuma ya karatasi ya miadi:
duara moja, mishale miwili.
Seli shina, akasema. Hukaa ndani ya uboho.
Ikigawanyika, pacha mmoja hubaki kuwa mama,
mwingine huenda kujifunza kazi:
kubeba hewa, kupigana na vijidudu, kuziba jeraha.
Wabeba hewa huishi miezi minne tu, kisha hufa
bila matanga, bila ubishi,
na nafasi yao imeshajazwa.

Na Vaidotas?

Akachora duara jingine. Kalamu ikakwama, akaikung'uta.
Hii ilikosea herufi moja ilipojinakili.
Kisha nyingine.
Haipevuki. Haijui kazi. Ikiambiwa ife, haisikii.
Inajizaa, inajizaa,
hadi uboho umejaa watoto wasio na mikono.

Nilidhani saratani ni mgeni,
nikangoja siku ya tatu tumpe jembe.
Kumbe ni wa nyumbani. Ana jina letu la ukoo.

Tautvydas, mkubwa wetu, aliyemfundisha kuogelea,
alama zake hazikulingana na za mgonjwa.
Mimi, niliyenuniana naye miaka sita
kwa ajili ya kuuzwa kwa nyumba ya bibi,
nililingana kumi kwa kumi.

Siku nne walinichoma sindano. Nyonga ziliuma
kana kwamba zinaumuka.
Ya tano, damu ikatoka mkono huu, ikapita mashineni, ikarudi mkono ule,
saa nzima, saa ya pili, ya tano,
nimekatazwa kukunja kiwiko, na pua inaniwasha.
Muuguzi Skaistė akanikuna.
Mfuko ulikuwa mdogo, rangi ya nyanya iliyopauka.
Ndio huu tu?
Ndio huo.

Kwake walikuwa wameshafyeka. Dawa haiulizi jina,
huua chochote kinachogawanyika kwa pupa:
nywele, ngozi ya ndani ya mdomo, utamu wa supu.
Mfuko wangu waliuingiza mshipani, si mfupani.
Nani atazionyesha njia?
Zinaijua, akasema Skaistė, akiandika saa.

Siku kumi na saba tulisoma sifuri.
Ya kumi na nane: sifuri nukta mbili.
Tautvydas alilia ndani ya gari, injini ikiunguruma, tusimsikie.

Sasa kundi la damu la Vaidotas ni langu.
Hadubini ikiitazama, huona damu ya mwanamke.
Anasema ndiyo maana ameanza kula bitiruti,
alizozitema tangu utoto, nizipendazo mimi.
Daktari anacheka: sayansi haijui habari hiyo.

Kisha hacheki. Huenda saratani nayo
ilificha chachu yake,
seli chache zilizolala usingizi wakati wa moto,
dawa ikazipita juu kama jembe lililokosa kiazi.
Kwa hiyo kila miezi mitatu tunangoja karatasi.
Hakuna anayeongea siku hiyo. Simu huwekwa kifudifudi.

Jana alikuja jikoni kwangu, amevaa barakoa,
akatoa mtungi chini ya koti.
Nilidhani aliutupa pamoja na nyumba.
Miaka sita ameulisha unga, kila Jumamosi.
Na ulipokuwa wodini, nani?
Akamwelekezea Tautvydas kidevu,
naye akajifanya anatafuta kisu.

Nyumba hatukuitaja.
Harufu ilikuwa kali, chungu kidogo, hai.
Tulibishana kuhusu chumvi.